Bendera za Penina

Tulimzika Mzee Festo huko Mayoni wiki iliyopita, na tangu nirudi kwangu Shieywe sijatulia. Nyumba yangu ina sebule mbili, nimeijenga kwa mawe ya kuchonga, jiwe kwa jiwe, bila kumpigia mtu magoti, na siku hizi zote nimekuwa nikitoka sebule moja na kuingia nyingine kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni pake. Mke wangu amechoka kuniuliza nataka nini. Sitaki kitu. Ninaukumbuka mwaka mmoja tu, mwaka nilioishi uani kwa Mzee Festo, na kila nikikaa chini naona umebaki na kona ambayo sijaifagia. Habari za kwetu, nani alinizaa na nani alinisomesha, nitaziacha. La kwanza halimhusu msomaji, na la pili jibu lake ni fupi: nilijisomesha. Niliosha sahani katika hoteli za Uholanzi mchana, nikasoma jioni, na nilipopanda ndege kurudi nilikuwa na diploma ya ufundi wa mitambo mkobani, kijana wa miaka ishirini na saba, sijui kuogopa. Pale Mayoni hakuna aliyeshughulika na jina langu. Waliniita Diploma, na mpaka leo wananiita hivyo hivyo, na sijawahi kumkataza mtu.

Nilifungua karakana ya baiskeli sokoni, nikapanga chumba kwa Mzee Festo. Kilikuwa chumba cha udongo kilichosiribwa saruji, na ukuta uliokitenga na nyumba kubwa haukufika kwenye mabati, kwa hiyo maneno yalipita juu yake kama moshi. Kabla ya kumjua mtu yeyote wa nyumba ile kwa sura, nilimjua kwa sauti. Mama Penina alikuwa na sauti ya kukwaruza, ya mtu anayepuliza moto. Mzee Festo alikuwa dereva wa trekta la miwa, na kwa kuwa alishinda karibu na injini alizungumza kama anaita mtu ng'ambo ya mto, hata akiomba chumvi. Na Penina, binti yao, alikuwa na sauti ya chini isiyobadilika, akifurahi au akikasirika. Miguu yake ilipooza utotoni. Alikuwa fundi wa cherehani kuliko wanaume wote wa soko lile, na mwaka ule alikuwa amepata kazi ya kufundisha ushonaji katika chuo kidogo cha ufundi upande wa Mumias. Walimchukua kwa mwaka mmoja wa majaribio. Mkuu wa chuo alimwambia wazi kwamba mwalimu anayechelewa hatathibitishwa, awe na miguu au asiwe nayo. Watu wa bodaboda walimbeba mara chache, wakamwangusha mara moja, akasema basi.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Yale magari ya mkono ya kukaa wima, ya magurudumu matatu, Penina alikuwa nalo moja, lakini mgongo wake ulichoka haraka, na lile gari lilipenda kupinduka pale lami inapoinamia mtaroni. Mimi nilikuwa nimeona kule Uholanzi baiskeli za kulalia: mtu anaegemea nyuma kama yuko kwenye kiti cha uvivu, miguu mbele, na anakwenda kasi kuliko wanaokaa wima. Nikachora, nikakata mabomba, nikachomelea. Badala ya miguu niliweka pedali za mikono mbele ya kifua. Lilipokamilika, Penina alikuwa amelala nusu, kichwa chake kikiwa usawa wa kiuno cha mtu aliyesimama, na alipokanyaga lami mara ya kwanza, kama neno hilo linafaa, aliwapita vijana wawili wa baiskeli za kawaida. Sijui mtu mwingine aliyekuwa ametengeneza kitu kama kile katika magharibi yote ya nchi hii. Kama yupo, ajitokeze. Soko zima lilitoka. Wakakiita kitanda. "Penina, jua limewaka na wewe bado umelala?" walimtania akinamama wa mboga. Naye akawajibu bila kupunguza mwendo, "Nyinyi mlioamka mmefika wapi?"

Kitanda kilikuwa na kasoro moja, na sikuiona kwa sababu sikuwa nimekulia kwenye miwa. Ile barabara inapita katikati ya mashamba, na mahali pengi miwa inasimama mpaka ukingoni, mirefu kuliko mtu, kwa hiyo kila kona ni ukuta. Kitu kilicho chini hakionekani mpaka kiko mbele ya gurudumu. Asubuhi moja ya ukungu, Mzee Festo alikuwa anatoka na mzigo kwenye njia ya shamba kuingia lami, trela mbili nyuma yake, na mkataji mmoja wa kike akapiga kelele: "Simamisha! Baba, simamisha! Kuna mtu chini!" Akasimamisha. Alishuka akifikiri ni mbuzi. Alimkuta binti yake amelala kwenye kitanda changu, mikono bado iko kwenye pedali, na tairi la mbele la trekta limemfikia karibu kiasi kwamba, Penina mwenyewe alisema, alinusa mpira. Mzee alirudi kwenye trekta. Alizima injini, akakaa chini juu ya majani ya miwa, na trekta likabaki limeziba barabara huku wenzake nyuma wakipiga honi na kumtukana, na mtu mwenye sauti kama ile hakuwajibu.

Jioni yake nilikuwa nimekaa kitandani mwangu na sahani ya obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda ambayo Mama Penina aliniletea, na juu ya ukuta maneno yakaanza kupita.

"Baba Penina, kula."

"Sina njaa."

"Chakula inapoa."

"Wacha ipoe." Kisha ile sauti kubwa ikajaribu kuwa ndogo, ikashindwa. "Ningemuua, mama. Mimi mwenyewe. Na nisingejua. Ningesikia kama nimekanyaga muwa."

"Lakini hukuniua, baba," Penina alisema. "Na kesho nina darasa."

"Kesho hutoki."

"Nitatoka kwa magoti."

"Mimi naonanga mbele, sionangi chini! Hakuna dereva wa trekta anaonanga chini! Unataka nikuokote?"

Sikuweza kukaa. Mimi ni mtu ambaye nikisikia tatizo la mitambo linajadiliwa bila mimi, ngozi inaniwasha. Nikatoka na sahani yangu, nikapiga hodi huku nimeshaingia. "Mzee," nikasema, "kule Uholanzi baiskeli hizi zote zina bendera. Fito refu nyuma, bendera juu, dereva anaiona kabla hajamwona mtu."

Mzee Festo alinigeukia. "Diploma, Uholanzi kuna miwa?"

"Hakuna."

"Basi kaa chini ule."

Nikakaa, nikala, lakini sikunyamaza. Nilimwambia kuhusu bendera kwa namna ambayo mtu angefikiri nimezivumbua mimi. Sikumwambia jambo moja, kwamba hata kule Uholanzi watu walibishana. Katika duka la baiskeli nilikofanya kazi kulikuwa na wazee wawili, wateja wa miaka, na kila Jumamosi walirudia ugomvi uleule mbele ya kahawa yao. Mmoja alisema bendera inamfanya dereva akuone kutoka mbali. Mwingine alisema bendera ni ya kumfariji anayeendesha, kwamba dereva haoni kitambaa, anaona anachotarajia kuona. Wakati ule nilimhesabu huyu wa pili kuwa mzee mkorofi tu. Nilipomaliza kula, Mzee Festo alitoa hukumu: mpaka likizo ya Agosti. Kama itakapofika Agosti binti yake bado haonekani barabarani, atakikata kile kitanda na kuwapa watu wa vyuma chakavu. Penina hakushukuru wala hakupinga. Alisema, "Fundi, lete hiyo bendera," akaendelea kuchambua dagaa wake wa omena.

Bendera ya kwanza nilikuja nayo kutoka Ulaya, kwenye sanduku langu: manjano yanayowaka, rangi ambayo kule huvaliwa na watu wanaotengeneza reli. Kuhusu kuonekana, sina aibu kusema, ilionekana. Ilionekana mno. Ulikuwa mwaka wa kampeni, na mwaka wa kampeni kwetu kila rangi ina mwenyewe, na manjano ilikuwa imechukuliwa na mgombea mmoja wa pale ambaye watu walimpenda au kumchukia, hakuna wa katikati. Penina alipita sokoni na nusu ya soko ikampigia vigelegele na nusu ikamzomea. "Hata kilema amenunuliwa!" alisema kijana mmoja. Mwingine akamjibu, "Buda, heshimu mama, huyo ni wetu!" Penina akasimama akawaambia wote wawili kwamba yeye ni wa darasa la saa mbili. Haikusaidia. Siku ya tatu au ya nne, lori lililojaa wafuasi waliovaa manjano lilimwona kutoka mbali sana, kama nilivyoahidi, na kwa furaha ya kumwona likahama upande wake wa barabara kuja kumsalimia. Wakamkaribia wakiimba, wakanyoosha mikono wamguse, na akaingia mtaroni na kitanda chake. Waliteremka wote wakamtoa kwa upole mkubwa, wakamfuta matope, wakampa fulana. Nilipokwenda kumchukua alikuwa amekaa ukingoni na fulana ile mapajani, anacheka kwa ile sauti yake ya chini. "Bendera yako inaonekana, Diploma," alisema. "Shida ni kwamba inaitana."

Nikabadilisha. Nilitumia nyekundu, kwa sababu kila kitabu kinasema nyekundu ni hatari. Lakini katika nchi ya miwa nyekundu ni kawaida. Kila trela ina kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye muwa unaotokeza nyuma, kila lori bovu lina tambara jekundu, mafundi wa barabara wana nyekundu, na juu ya hayo vumbi letu lenyewe ni jekundu. Madereva walimwona Penina wakadhani ni mkia wa mzigo wa mtu mwingine. Wakampita kama wanavyopita mkia wa mzigo, kwa kumkwangua. Nikatumia nyeupe. Jumapili yake alikuwa anakwenda kufungua darasa kwa ajili ya maonyesho ya wanafunzi, akakutana na waumini wa kanisa moja la Roho, wale wanaotembea barabarani na ngoma na bendera nyeupe. Walimwona mwenzao. Wakampokea, wakajipanga nyuma yake na mbele yake, na magari yote yakapunguza mwendo kwa adabu. Ilikuwa safari salama kuliko zote, na alifika akiwa amechelewa sana, na kwaya nyuma yake. Mkuu wa chuo alitoka nje kutazama. Alimwambia, "Mwalimu Penina, hapa tunafundisha cherehani." Aliandika jambo kwenye daftari lake. Penina aliniambia hilo bila kucheka.

Niseme ukweli wa mwezi ule: sikulala vizuri wala sikula vizuri, na karakana yangu ilijaa vitambaa kuliko baiskeli. Nilikuwa nikitoka kwenda kusimama barabarani nitazame, narudi, nakata fito, natupa. Wateja walinikuta nimefunga tambara la buluu kwenye mti wa ukingoni nikirudi kinyumenyume kulipima kwa jicho, wakaondoka na baiskeli zao mbovu. Agosti ilikuwa inakaribia. Nilimsikia Mzee Festo juu ya ukuta akimwuliza mkewe kama yule fundi wa pale ndani amepatwa na kitu. "Amepatwa na diploma," alisema Mama Penina, na Penina akacheka, na mimi upande wangu nikacheka pia, kwa sauti, ili wajue nasikia. Kwa jinsi ninavyojijua, ningeweza kukubali kushindwa na mitambo. Kushindwa na kitambaa kulinitesa.

Jibu nililipata juu ya trekta. Nilimwomba Mzee Festo nipande naye siku moja, nikakaa juu ya chuma kinachofunika tairi, mikono imeshika popote inapopata, na tukaenda hivyo mpaka kiwandani na kurudi. Kutoka pale juu niliona alichokuwa akisema. Mbele unaona sana, mbali sana, na chini ya pua ya trekta hakuna kitu, ni kama umekaa kwenye paa. Nilitazama kila bendera na kila tambara tulilopita, kisha nikayatazama macho ya mzee. Hayakusimama popote. Kisha kwenye kona moja, ambapo mimi sikuona chochote ila miwa, alipunguza mwendo akahama katikati ya barabara. Tulipofika, palikuwa na mkataji mmoja ndani ya shamba, karibu na ukingo, ameinama.

"Umemwonaje?" nikamwuliza.

"Nani?"

"Huyo mkataji."

Akageuka kutazama nyuma, kama anamwona mara ya kwanza. "Sijamwona."

"Lakini umepunguza."

Alifikiri. Nadhani hakuwahi kuulizwa swali hilo maishani mwake. "Kulikuwa na panga inapanda inashuka," alisema mwishowe. "Mahali panga inapanda kuna mtu. Atarudi nyuma bila kutazama, ndivyo wanafanyanga. Unampa nafasi."

Nilimwomba anishushe. Nilirudi Mayoni kwa miguu, nikikimbia na kutembea, kwa sababu kama ningengoja trekta lile lifike ningepasuka. Bendera inayosimama, hata ikipepea, ni kitambaa. Kitambaa kinaweza kuwa chama, kanisa, mzigo, nguo ya mtu iliyopeperushwa na upepo. Lakini kitu kinachopanda na kushuka kwa mwendo wa mikono, katika nchi ya miwa, ni mtu. Jicho la dereva limefundishwa hivyo tangu siku ya kwanza kazini, na mguu wake unatii kabla yeye mwenyewe hajajua. Hapo niliishukuru kila sahani niliyoosha Uholanzi. Nilichukua nondo nyembamba, nikaunganisha fito na pedali za mkono kwa kiungo nilichokichonga mwenyewe, ili kila Penina anapozungusha mikono, fito liinuke, liiname mbele, liinuke tena. Kitambaa nilimwachia Penina. Alishona kitenge cha maua makubwa ya zambarau, kirefu, chembamba, kama mkono wa gauni. "Hakuna chama chenye maua kama haya," alisema, "na hakuna malaika atakayevaa hiki." Alipoendesha, kwa mbali, juu ya miwa, ungesema mwanamke fulani anafyeka njia kwenda Mumias.

Siku ya kupima hatukumwambia Mzee Festo atakutana naye wapi. Nilipanda tena kwenye chuma changu, tukatoka na mzigo, na mimi nikazungumza habari za mpira ili asinisikie nikihema. Tulipokaribia kona mbaya kuliko zote, ile iliyofuata njia ya shamba ambapo alikaa chini siku ile, mguu wake uliinuka. Trekta likapunguza. Alihama kidogo kutoka ukingoni na kusema, kama anavyosema mtu habari ya mvua, "Kuna mtu anafanya kazi hapo mbele." Tukazunguka kona, na pale mbele yetu, mbali bado, katika nafasi ya kutosha malori mawili, alikuwa binti yake amelala akizungusha mikono, na maua ya zambarau yakipanda na kushuka juu ya kichwa chake. Mzee Festo alisimamisha kabisa. Penina akapita karibu nasi bila kusimama, kwa kuwa alikuwa na darasa. "Baba, habari ya kazi!" akaita. Mzee alimtazama mpaka akatoweka kwenye kona iliyofuata, na hata alipokuwa ametoweka tuliona maua yakifyeka juu ya miwa. Kisha akasema, "Sawa." Aliiweka gia, tukaenda. Hiyo sawa niliipokea kama cheti cha pili.

Agosti ilipita na kitanda hakikukatwa. Penina hakuchelewa tena, na mwisho wa mwaka akathibitishwa kazini. Mimi nilitengeneza vitanda vingine, kwanza kwa watu wa Matungu, kisha Kakamega mjini, kisha mashirika yakaanza kuja na magari yao meupe. Nina karakana tatu leo. Wageni wakiniuliza kama bendera inasaidia kweli mtu wa chini kuonekana, huwa nawaambia: inasaidia, ila usiulize ni rangi gani, uliza madereva wa hapo wamezoea kumpisha nani. Swali hilo nimelijibu hata mbele ya wahandisi, na sijapata mhandisi aliyenipinga. Ni kweli, kabla mwaka ule haujaisha Mzee Festo aliacha trekta la miwa. Alikwenda Mautuma kuendesha trekta katika shamba la mahindi la mtu, akawa anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Watu walisema yao. Wengine walisema amegombana na wakubwa, wengine walisema kuna mwanamke huko. Mimi nilihama chumba kile muda si mrefu baadaye, na sikulifikiria sana. Mtu anakwenda anakoitwa na kazi. Mimi nilikwenda Ulaya.

Kwenye mazishi nilipewa kipaza sauti. Ni kawaida, mtu akisimama vizuri kimaisha hupewa. Nilieleza habari za kitanda na bendera, nikaeleza jinsi marehemu alivyokuwa mgumu, na jinsi siku ile kwenye kona nilivyomwondolea hofu. Nilitumia maneno hayo: nilimwondolea hofu. Watu walipiga makofi, hata pale kaburini. Penina, ambaye sasa ni mkuu wa idara yake na nywele zake zimeanza mvi, alipiga makofi na wengine. Baadaye, wageni walipokuwa wakila ingokho, kuku wa kienyeji, chini ya turubai na vijana wakigombania soda, alikuja na kitanda chake mpaka nilipokuwa nimesimama nyuma ya jikoni, akaegemea, akanitazama kutoka chini kama alivyozoea.

"Diploma," alisema, "unajua kwa nini baba alienda Mautuma?"

"Alipata kazi nzuri zaidi."

"Nzuri? Alikuwa analala stoo, juu ya magunia. Mama alilia. Baba aliomba mwenyewe aende. Jioni ile ile ya kona."

Nikasema haiwezekani, kwa sababu alisema sawa, nilimsikia mwenyewe.

"Alisema sawa kweli. Aliniambia, bendera ya huyu kijana ni nzuri, nimeiona, sina ubishi. Lakini akasema, siku moja nitakuwa nimechoka, au jua litanipiga machoni. Dereva mwingine akikugonga, nitakuzika na nitalia kama baba. Nikikugonga mimi, nitakulilia kwa uso gani? Akasema wewe usiache barabara, ni yako. Mimi ndiye nitaondoka."

Nilimwuliza kwa nini miaka yote hii hakuna aliyeniambia. Penina akatabasamu kidogo. "Alikataza. Alisema Diploma akijua hatatulia. Atakuja na kitu kingine cha kufunga kwenye trekta."

Ndivyo ningefanya. Hata pale, nyuma ya jikoni, akili yangu ilikuwa imeshaanza: kioo, pengine, chini ya pua ya trekta, chenye mkono unaokunjika. Nilitaka kumwambia. Nilitaka pia kumwuliza kama hakuona uzito, yeye binti, kupita kila siku barabara ambayo baba yake ameiacha kwa ajili yake, na sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililotoka mdomoni mwangu, kwa sababu alijibu la pili.

"Uzito nimeuona, kwani nini," alisema. "Kuna asubuhi mvua ilikuwa inanyesha ya mawe, mama anasema mwalimu, leo lala, hakuna atakayekulaumu. Mikono inauma, sitaki hata kuona hicho kitanda chako. Halafu nakumbuka baba amejilaza juu ya magunia ya watu Mautuma ili mimi nipite hapa. Sasa ningelala vipi?"